Vuta Pumzi, Shikilia

Miaka thelathini na mmoja nilirudia maneno yaleyale
katika chumba cha eksirei, ghorofa ya chini, hospitali ya wilaya:
vuta pumzi, shikilia, usitikisike.
Na watu walinitii.
Mafundi bomba, masista wa kanisa, bibi harusi aliyeteleza ngazini,
wote walisimama kifua wazi mbele ya bamba la baridi
kana kwamba hewa ile niliwaazima mimi.

Sasa nimestaafu. Nina kamera ya mtumba,
lenzi yake ina mkwaruzo kama wa ukucha wa paka,
na hakuna kiumbe anayenitii.

Madimbwi yetu hayakuumbwa na Mungu peke yake.
Babu zetu walichimba hapa udongo wa matofali,
nyumba za Warszawa zikapanda, tanuri likazimwa,
mashimo yakabaki vinywa wazi, mvua ikayajibu.
Leo yana matete, yana samaki, yana njia ya miguu kuyazunguka
na kibao cha manispaa kinachokataza kuogelea.
Korongo wa kijivu amekifanya kiti.

Mwezi wa Juni usiku huku ni kope tu:
nafika saa kumi alfajiri, na jua limeshaniwahi.
Viatu vimelowa umande. Chai ya chupa inanuka kizibo.
Biva, yule panya mkubwa wa maji mwenye meno ya rangi ya kutu,
ameangusha mti mwingine, kisha hakuugusa tena,
kama mtu aliyeanza barua akakumbuka ugomvi.

Mdiria nimempiga picha mara arobaini.
Ninazo zote: tawi tupu linalotikisika,
tawi tupu linalotikisika, tawi tupu.

Ziemowit, kijana wa muuza mikate, ana lenzi ndefu kama mkono wake
na wavu wa kijani wa kujifichia.
Juzi alicheza mlio wa ndege kwenye simu,
na ndege akatoka matetehini, manyoya yamemsimama,
akimtafuta mshindani asiyekuwepo.
Nikasema, umemdanganya.
Akasema, ni sauti tu, Bi Bogumiła.
Nikasema, ndoa ngapi zimevunjwa na sauti tu?
Alizima simu. Alinuna mpaka saa mbili.

Mimi huja kwa ajili ya kibisi.
Hubeba watoto mgongoni, wenye milia kama vitikiti,
na akichoka kuwabeba huwamwaga majini bila kuaga,
kisha anazama.
Nami nahesabu. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na saba.
Hakuna aliyemwambia ashikilie.

Lucjan aliletwa kwangu Novemba ile kama mgonjwa yeyote,
karatasi mkononi, kikohozi cha wiki sita.
Nilimpanga mabega, nikamgusa kidevu, nikaingia nyuma ya kioo.
Vuta pumzi, nikasema. Shikilia.
Kisha picha ikaja, nami nikaona kabla ya daktari,
pale chini ya mfupa wa kulia,
kitu cheupe, kidogo, kama yai la ndege.
Nilisahau kumwambia apumue.
Alisimama vilevile, mume wangu mtiifu,
uso ukiiva, mishipa ya shingo imetoka,
akisubiri ruhusa.

Leo kibisi amezama tena.
Nimelenga pale ninapodhani atazukia, kidole kwenye kitufe.
Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kando yangu nasikia ukimya usio wa kawaida,
nageuka: Ziemowit amechuchumaa, kamera imelala mapajani,
mashavu yamemvimba, macho yameganda majini.
Hajui hata kama ameshikilia.

Pumua, nikamwambia. Pumua, mwanangu.

Kibisi akaibukia kwingine kabisa, nyuma ya kibao,
samaki mdomoni, watoto wakimkimbilia kwa fujo,
na hakuna kati yetu aliyebonyeza.